Uzi: Kabla hujanunua medali ya askari wa Malkia Victoria, soma ukingo wake (mfano: Rejimenti ya 24, vita vya Wazulu 1879)

MpekuziWaMafaili:

Wakuu habari za jioni. Watu wamekuwa wakinifuata inboksi na swali moja linalozunguka kila siku: nimeona medali ya kale ya jeshi la Uingereza inauzwa, au mume wangu ni Mwingereza na babu yake mkubwa alipigana Afrika, sasa nitajuaje alikuwa nani na alikuwa wapi? Kujibu mmoja mmoja nimechoka, kwa hiyo uzi huu hapa, na nitatumia rejimenti moja tu kama mfano maana ukielewa moja umeelewa nyingi.

Rejimenti yenyewe ni ya 24 ya askari wa miguu wa Uingereza. Wengi mnaijua kwa sababu ya Isandlwana na Rorke's Drift, tarehe 22 Januari 1879. Asubuhi ile Lord Chelmsford, kamanda wa Waingereza, aligawa jeshi lake akaondoka na nusu kumtafuta adui, nyuma akaacha kambi ya Isandlwana chini ya Luteni Kanali Pulleine, na mchana jeshi la Mfalme Cetshwayo kama watu 20,000 wakiongozwa na Ntshingwayo wakaifuta ile kambi. Upande wa Waingereza walikufa zaidi ya 1,300 ukijumlisha na Waafrika waliokuwa nao, na katika hao karibu 600 ni wa Rejimenti ya 24 peke yake. Jioni yake kikosi kingine cha Wazulu chini ya Dabulamanzi kikavuka mto kwenda kituo cha misheni cha Rorke's Drift ambako kulikuwa na watu kama 150 tu, wengi kombania B ya batalioni ya pili ya 24, wakapigana usiku kucha na kituo hakikuanguka. Zikatoka VC (Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza) 11, saba kati yake za batalioni ya pili. Historia mnaijua, siirudii, kilichonileta hapa ni medali.

Medali ya vita hivyo ni ya fedha, upana milimita 36, upande mmoja kichwa cha Malkia, upande wa pili simba ameinama nyuma ya kichaka cha protea na juu pameandikwa SOUTH AFRICA. Utepe ni rangi ya chungwa na mistari ya bluu iliyokolea, miwili minene miwili myembamba. Juu ya medali kunakaa kibao kidogo cha fedha chenye mwaka. Hapa angalieni sana, kwa sababu kuna medali nyingine ya vita vya awali vya Afrika Kusini ambayo ina simba huyo huyo, kichaka hicho hicho na utepe ule ule. Tofauti ipo chini ya simba: ya zamani imeandikwa 1853, ya vita vya Wazulu ina ngao na mikuki ya Kizulu. Nimeona watu wazima na akili zao wananunua ya 1853 wakijua ni ya 1879 kwa sababu hawakutazama sehemu yenye ukubwa wa ukucha.

Sasa kiini cha uzi. Medali za Waingereza za enzi zile zina jina la mtu. Siyo juu wala nyuma, ni kwenye ukingo, pale unapoishika sarafu kwa vidole viwili. Ukiizungusha utasoma namba ya askari, cheo, jina, na kikosi. Kwa mfano mwishoni utakuta 1-24TH FOOT au 2-24TH FOOT, yaani batalioni ya kwanza au ya pili, na FOOT ni askari wa miguu. Muuzaji anaweza kukuambia hadithi yoyote anayotaka, ila ukingo ndiyo kauli ya jeshi lenyewe. Mimi sinunui hadithi, nanunua ukingo.

Naendelea chini, ngoja kwanza watu wa "nafasi yangu hapa" wapite.

Kisiki_cha_Mpingo:

Nafasi yangu hapa 😂 endelea mkuu

Ngosha_wa_Durban:

Mkuu MpekuziWaMafaili shikamoo kama umenizidi umri. Uzi umekuja wakati mwafaka aisee. Mimi nipo Durban kikazi, kuna duka la vitu vya kale hapa mjini nimeona medali kama hiyo uliyoielezea, utepe umechakaa lakini rangi ni hizo hizo. Mwenye duka anasema ni ya Rorke's Drift kabisa, na bei anayotaka ni ya kuuza gari. Nimepewa niishike mkononi. Kibao cha juu kimeandikwa 1879. Ukingoni kuna namba, halafu PTE (praiveti, askari wa kawaida), halafu jina (naliweka pembeni kwanza) halafu 2-24TH FOOT. Sasa batalioni ya pili si ndiyo iliyokuwa Rorke's Drift? Nikope nichukue?

MpekuziWaMafaili:

Marahaba Ngosha. Usikope.

Batalioni ya pili ilikuwa na kombania nane. Rorke's Drift ilikuwa moja tu, kombania B. Kombania G ilikuwa Isandlwana ikafia kule. Nyingine zilikuwa na Chelmsford porini. Halafu baada ya msiba ule Uingereza ikaleta watu wa kujaza mapengo, hasa batalioni ya kwanza ambayo ilikuwa karibu imekwisha, na wengi walitolewa vikosi vingine kabisa wakavalishwa namba ya 24 wakashushwa Natal, koloni la Waingereza lililopakana na Zululand, miezi baadaye. Hao wote wana medali halali, ukingoni 24TH FOOT, na hakuna hata mmoja aliyeona moshi wa Rorke's Drift.

Twende kwenye kibao. Kila mtu alipewa kibao kimoja tu hata kama alipigana miaka yote, ndiyo maana vipo vinavyosomeka 1877-8, vingine 1878-9, vingine 1877-8-9 na kadhalika. Ukiona medali ina vibao viwili vya miaka weka chini ondoka. Rejimenti ya 24 kabla ya Wazulu ilipigana kule mpakani Cape na Waxhosa, na batalioni ya pili ilifika 1878 ikawahi mwisho wa vita ile, kwa hiyo mtu wa kombania B unategemea umkute na 1877-8-9. Hook, Hitch, Williams, Bromhead, wale wa VC za Rorke's Drift, wote ni hiyo. Sasa huyo wa kwako ana 1879 peke yake. Haimkatai moja kwa moja ila inakwambia uulize maswali kabla hujafungua pochi.

Na kuna waliopewa medali bila kibao chochote. Hao waliitwa kazini wakabaki Natal, hawakuvuka kuingia Zululand. Watu wanawadharau, mimi siwadharau, ila bei yao ni nyingine.

Mama Tausi:

Mimi nipo Wales huku mwaka wa ngapi sijui, nilienda Brecon kwenye makumbusho ya hiyo rejimenti watoto wakiwa likizo. Mpekuzi kuna kitu naomba ukifafanue kwa sababu kinawachanganya wengi hata Waingereza wenyewe. Pale kila kitu kimeandikwa South Wales Borderers, lakini medali za 1879 hazina jina hilo. Na watu wa huku watakuapia kwamba Rorke's Drift walikuwa Wales watupu wanaimba.

MpekuziWaMafaili:

Asante dada umenirahisishia. Mwaka 1879 rejimenti hii rasmi ilikuwa ya Warwickshire, England. Makao ya kuandikisha watu yalihamishiwa Brecon 1873 serikali ilipoigawa nchi katika maeneo ya kijeshi, na jina la South Wales Borderers lilikuja tarehe 1 Julai 1881, miaka miwili baada ya vita. Kwa hiyo ukimtafuta askari wa 1879 kwa jina la South Wales Borderers kwenye mafaili humpati, na ukikuta ukingo wa medali ya Wazulu umeandikwa South Wales Borderers simama ufikirie. Waliokuwemo walikuwa mchanganyiko, Waingereza wengi, Wales wapo, Waairishi wapo. Nyimbo ni za sinema.

Kuna na jambo la namba. Enzi hizo hakukuwa na namba moja ya jeshi zima. Kila rejimenti ilikuwa na namba zake, kwa hiyo namba 1400 fulani wapo watu kibao wenye nayo katika vikosi tofauti, na mtu akihama kikosi anapewa mpya. Kwa 24 utakuta namba nyingine zinaanza na 25B, hiyo ni kwa sababu Brecon ilikuwa eneo namba 25 na waliojiandikisha baada ya 1873 walipewa namba za eneo badala ya za batalioni. Ukiona 25B ujue huyu ni kijana wa mkataba mfupi, miaka sita kazini na sita akiba, ule utaratibu ulioanza 1870. Asiyekuwa nayo mara nyingi ni mkongwe. Yaani herufi tatu tu zinakuambia umri wa mtu kwenye kazi.

Mwana_wa_Azimio:

Samahani kwa kuharibu sherehe. Hawa walivamia nchi ya watu. Cetshwayo hakwenda London kupigana na mtu, walimpelekea masharti wakijua hawezi kuyakubali ili wapate sababu. Leo Mswahili anakaa kuchambua namba ya askari wa mvamizi, mara herufi, mara utepe. Wazulu waliokufa siku ile nani anatafuta namba zao?

Kisiki_cha_Mpingo:

Tulijua tu utakuja 😂😂 ila hoja ina nyama hiyo, Mpekuzi jibu

MpekuziWaMafaili:

Hoja ina nyama na sitaikwepa. Ni uvamizi, hilo halina mjadala, zile amri za Desemba 1878 zilitungwa ili zikataliwe. Ila swali lako la mwisho ndilo linalonifanya nikae kwenye mafaili haya. Jeshi la Uingereza liliandika kila kitu: huyu kalewa, huyu kakatwa mshahara kwa kupoteza buti, huyu kalazwa hospitali kwa homa. Kwa hiyo leo praiveti asiyejua hata kusoma tunajua urefu wake na rangi ya macho yake. Upande wa pili, Rorke's Drift tu walihesabu miili zaidi ya 350 ya Wazulu wakaifukia, na hesabu imebaki namba. Tunajua majina ya vikosi vyao, uThulwana, uDloko, iNdlondlo, Isandlwana tunajua iNgobamakhosi, uMbonambi, uKhandempemvu, uNokhenke, tunajua makamanda na wachache waliosimulia baadaye. Wengine majina yamebaki kwa wajukuu zao, siyo kwenye jengo la serikali.

Na usidhani Wazulu hawakuwa na nishani. Shujaa aliyeua vitani alikuwa na haki ya kuvaa iziqu, mkufu wa vipande vya mti vilivyochongwa vikaungana kimoja ndani ya kingine. Haukuwa na jina ukingoni kwa sababu kila aliyeuona alimjua mwenye nao.

Ngosha_wa_Durban:

Nathibitisha hilo. Pale Isandlwana kuna mnara wa Wazulu, ulizinduliwa 1999, ni huo mkufu wa iziqu umetengenezwa kwa shaba mkubwa kabisa. Nilipelekwa na jamaa wa kazini ambaye ukoo wao walikuwa iNgobamakhosi, anakuonyesha kwa kidole walishuka wapi. Ukitazama kwa pembeni unaona yale marundo ya mawe yaliyopakwa chokaa ambako Waingereza wamezikwa. Mwana_wa_Azimio siku ukija huku nitafute.

Sasa Mpekuzi turudi dukani maana jamaa ananisubiri. Nifanyeje?

MpekuziWaMafaili:

Fanya hivi. Kwanza chombo. Tafuta venia, ile ya mafundi wa mashine, pima upana wa medali sehemu mbalimbali ukizungusha. Matapeli wanachofanya ni kuchukua medali ya kawaida, wanasaga ukingo jina litoke, halafu wanachonga jina la mtu maarufu. Ukisaga lazima upungue. Ikisoma 36 huku na pungufu kule, imeguswa. Pili washa tochi ya simu ilale pembeni uangalie ukingo kwa lenzi, uone kama chini ya herufi kuna vivuli vya herufi nyingine, kama ukingo una bonde pale jina lilipo na sehemu tupu imenyanyuka. Medali hizi za 1877-79 majina yamechongwa kwa kifaa, herufi kubwa, siyo kugongwa kwa nyundo ya muhuri, kwa hiyo ukikuta herufi zimezama kama za muhuri uliza kulikoni. Tatu angalia kitanzi na kibao kama vimeunganishwa kwa risasi ya kulehemu mbichi.

Ikipita hapo ndiyo tunaenda kwenye karatasi. Nipe muda nile.

Ngosha_wa_Durban:

Nimepima kwa venia ya pale kazini, mwenye duka kanitazama kama mwendawazimu. Inasoma 36 kila upande. Herufi zimechongwa, mkwaruzo wake unaonekana ni wa zamani uchafu umekaa ndani. Hakuna vivuli. Namba inaanza na 25B.

MpekuziWaMafaili:

Basi medali ni ya kweli na jina ni la kwake. Kilichobaki ni kama mwenye jina alikuwa pale muuzaji anapomweka.

Karatasi ziko Kew, London, Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Kila kundi la mafaili lina namba, zishikeni kichwani maana ndizo zitakazowafikisha. WO ni War Office, wizara ya vita. WO 100 ni orodha za medali, yaani kila mtu aliyestahili, kikosi kwa kikosi, na kibao alichopewa. Hii ndiyo ya kwanza kufunguliwa kila mara. Ipo hadi mtandaoni kwenye tovuti za ukoo za kulipia. Ukimkosa WO 100 una tatizo kubwa. Ukimpata, linganisha kibao: kama orodha inasema 1879 na medali ina 1877-8-9, mtu kabadilisha.

Pili ni daftari za mishahara, WO 12 kwa miaka ya nyuma na WO 16 kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870. Hizi ndizo tamu. Kila robo mwaka karani anaandika kila askari, yuko wapi, kalipwa siku ngapi, kalazwa, kafungwa, kasafiri na meli. Hapa ndipo unamkamata mtu aliyeshuka Afrika baada ya Januari 1879, kwa sababu kabla ya hapo hayumo kwenye orodha ya batalioni. Ubaya wake nyingi unapaswa kwenda mwenyewe ukafunue, na ni vitabu vikubwa kama mlango wa kabati.

Tatu WO 97, mafaili ya waliostaafu. Kuna mtego hapa. Mpaka 1882 faili likibaki humo maana yake mtu alitoka na pensheni. Kuanzia 1883 wakaanza kuweka na waliomaliza mkataba tu. Aliyekufa vitani kwa kawaida hana faili humo. Kwa hiyo kama unamtafuta mtu aliyekufa Isandlwana usipoteze wiki WO 97, nenda kwenye mishahara na orodha za vifo. Ni kitu cha ajabu kidogo, aliyekufa kishujaa na kuandikwa magazetini ana karatasi kidogo kuliko mlevi aliyeishi mpaka uzeeni.

Kwa Rorke's Drift yenyewe kuna orodha za majina za walioshiriki. Luteni Chard aliyekuwa kiongozi pale aliandika yake, na Frank Bourne, yule sajini mkuu wa kombania B, akaja kuandika yake baadaye sana. Hazilingani kila jina, na ndiyo maana watafiti wamezilinganisha na daftari za mishahara jina kwa jina. Jina la mtu wako lisipokuwemo kwenye yoyote, muuzaji ana kazi ya kukueleza.

Huyo Bourne alipata nishani ya ushujaa, akapanda mpaka uofisa, akafa tarehe 8 Mei 1945, siku ile ile vita ya Hitler inaisha Ulaya. Hebu fikiria mtu aliyesimama na bunduki ya Martini-Henry mbele ya Wazulu ameishi mpaka siku hiyo.

Mama Tausi:

Mpekuzi hapo kwenye majina ongezea lile la kujiandikisha kwa jina bandia. Yule mwenye VC, John Williams, jina lake halisi ni Fielding, mtoto wa Abergavenny. Alijiandikisha 1877 kwa jina lingine na VC ikatoka kwa jina hilo hilo. Kaburi lake lipo Llantarnam karibu na Cwmbran. Sasa mjukuu anayemtafuta Fielding kwenye WO 100 atalia.

MpekuziWaMafaili:

Sahihi kabisa dada, na hii ilikuwa kawaida sana. Vijana walikimbia wazazi, wake, madeni, polisi. Kwa hiyo ukimkosa kwa jina la ukoo jaribu jina la mama kabla hajaolewa, ndilo walilopenda kuazima. Na sensa ya kila miaka 10 inasaidia, ya 1871 unamkuta nyumbani na wazazi, ya 1881 hayupo kwa sababu askari waliokuwa nje hawakuhesabiwa majina yao huko mpaka ya 1911.

VC saba za batalioni ya pili zisiwadanganye kuwa maisha yao yalikuwa mazuri baadaye. William Jones alifika mahali akaweka VC yake rehani kwa njaa. Sasa hivi ipo Makumbusho ya Taifa ya Jeshi kule Chelsea, London. Thamani ya ile nishani leo ingelisha ukoo wake wote.

Mtu_wa_Pwani:

Assalaam aleikum jamaa. Mimi ni wa Mombasa, nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Bwana Mpekuzi, vita vya Wazulu viko mbali, mimi nataka vya kwetu. Mzee mmoja wa mtaani kwetu ana medali ya Malkia Victoria, mbele kichwa cha Malkia, nyuma askari wanapigana msituni. Haina kibao chochote. Lakini pembeni, ukingoni, mbali na jina, pameandikwa MWELE 1895. Mwele si ndiyo ngome ya Mbaruk bin Rashid?

MpekuziWaMafaili:

Waaleikum salaam. Ndugu yangu hiyo ni nadra, mwambie mzee asiisugue kwa majivu.

Hiyo ni medali ya Afrika Mashariki na Magharibi, sura yake imetokana na ile ya vita vya Waashanti. Kwa kawaida ilitolewa na vibao, na kimojawapo ni cha huko kwenu: WITU 1890, pale Admirali Fremantle alipopandisha mabaharia kumpiga Sultani Fumo Bakari kwa sababu ya Wajerumani waliouawa Witu, na kingine WITU AUGUST 1893. Ila vita vya Mwele havikupewa kibao. Waliandika jina la vita ukingoni basi. Ndiyo maana anayeangalia juu tu anaiona tupu anadhani imepotelewa na kibao, na yupo anayeweza kumtapeli mzee kwa kumwambia hivyo.

Na ndiyo, Mwele ni ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui. Admirali Rawson aliichukua Agosti 1895, Mbaruk akaendelea kuwasumbua msituni mpaka 1896 alipovuka kwa Wajerumani. Mwaka huo wa 1896 wakaletwa na askari wa Kihindi, Rejimenti ya 24 ya Bombay. Kwa hiyo namba 24 ukingoni siyo lazima iwe 24 ya uzi huu, someni na herufi zinazofuata.

Kwa mabaharia usiende WO, nenda ADM 171 (ADM ni Admiralty, wizara ya jeshi la majini), ndiko orodha za medali za jeshi la majini ziliko. Ukingo utataja na meli. Mzee wako ukingo wake unasema meli au kikosi?

Mtu_wa_Pwani:

Meli. Jina ni la Mzungu. Mzee anasema babake alikuwa seremala bandarini na alipewa na mtu badala ya pesa ya kazi.

MpekuziWaMafaili:

Inawezekana sana, medali ziliuzwa na kuwekwa rehani kila bandari. Andika hayo anayosema mzee kwenye karatasi, tarehe na jina la babake, ikae pamoja na medali. Asipoandikwa huyo seremala kitabaki kile cha ADM 171 peke yake.

Mwana_wa_Azimio:

Sasa hapo kwa seremala tumeelewana.

Ngosha_wa_Durban:

Jamani matokeo. Nimelipia WO 100 mtandaoni. Jamaa yumo, 2-24, kibao 1879, namba ni ile ile. Kwenye orodha ya Chard hayumo, ya Bourne hayumo. Nikatafuta WO 97 kwa kubahatisha nikamkuta, alimaliza miaka ya 1890. Faili lina kurasa chache lakini dah. Mchimba makaa kutoka Monmouthshire, futi 5 inchi 5, macho ya kahawia, amechorwa nanga mkono wa kushoto wakati hajawahi kuwa baharia. Kalazwa homa Natal. Alivyoingia Afrika imeandikwa tarehe kabisa, ni 1879 lakini miezi baada ya Januari. Beji ya nidhamu njema kapewa, kanyang'anywa, kapewa tena.

Nimemrudia mwenye duka na karatasi. Kanyamaza, halafu kasema "basi alikuwa Isandlwana." Nimecheka mpaka basi. Nimempa bei ya medali ya kawaida ya 24, kagoma, nikaaga, kaniita nikiwa mlangoni.

Kisiki_cha_Mpingo:

Sasa umenunua au hujanunua??

Ngosha_wa_Durban:

Nimenunua. Kafika Natal kuchelewa lakini ni mtu kamili, namjua mpaka nanga yake. Mama Tausi, ukipita Kew siku moja naomba unifunulie WO 16 nijue alikuja na meli gani na kabla ya hapo alikuwa kikosi kipi. Nauli na chai juu yangu.

Mama Tausi:

Nina safari ya London mwezi ujao. Nitumie namba na jina inboksi, na jina la pili kama faili limeandika, maana hawa akina Jones na Williams wapo ukurasa mzima.